“Tutawaambia nini watu?” Swali la mama lililomuumiza binti daktari

Ndugu wote wa Tanga walikuwa wameshapata habari. Binti yao aliyeko Marekani anamaliza udaktari, na atakuwa bingwa wa upasuaji wa mifupa. Mama yake, anayeishi naye jimbo la Ohio na kufanya kazi zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, aliitangaza habari hiyo kwenye harusi, misiba na kundi la WhatsApp la ukoo.

Aliyemtia wasiwasi kwanza ni kaka yake. Alitafuta kwenye simu neno “osteopathia”, fani anayosoma mpwa wake, akakuta maelezo ya Uingereza. Huko watu wa fani hiyo hutibu kwa kukanda na kunyoosha viungo, na si madaktari. Akapiga simu usiku uleule: “Dada, mtoto ameibiwa. Ada yote ile, kumbe anasomea kukanda watu?”

Hakuibiwa. Nchini Marekani fani hiyo ilianzishwa na daktari Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Siku hizi mhitimu hupata shahada ya DO. Anaandika dawa, anapasua, na leseni yake ni kamili sawa na ya mwenye shahada ya MD. Tofauti ni kwamba hufundishwa pia, kwa saa zipatazo 200, kutumia mikono kuchunguza na kutibu misuli na viungo. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani wako katika vyuo vya aina hii.

Leseni moja, foleni mbili

Ugumu huja baada ya chuo. Ili awe bingwa wa mifupa, mhitimu hujifunza hospitalini miaka 5 chini ya mabingwa, na nafasi ni chache kuliko waombaji. Zamani zilikuwepo programu zilizotengwa kwa ajili ya wenye DO. Kati ya mwaka 2015 na 2020 programu zote ziliwekwa chini ya msimamizi mmoja. Wenye DO wakaruhusiwa kuomba kote, lakini na zile zilizokuwa zao zikawa wazi kwa kila mtu.

Basi binti akajipanga. Alifanya mitihani miwili mikubwa badala ya mmoja: COMLEX ya wenye DO, na USMLE ya wenye MD, ili hospitali zipate alama za kumlinganisha na wengine. Chuo chake hakikuwa na hospitali yake ya kufundishia, kwa hiyo alizunguka hospitali za miji mbalimbali, wiki 4 hapa, wiki 4 kule, akilala vyumba vya kupanga. Saa kumi alfajiri alikuwa wodini, ili mabingwa wamwone akifanya kazi na wamkumbuke siku ya kuchagua.

Hospitali moja ilimjibu kwa upole kwamba haichukui wenye DO. Hakumwambia mama. Kila Jumapili mama aliuliza, “Wamejibu?” Naye alijibu, “Bado, mama.”

Jumatatu ya Machi

Marekani wahitimu hupanga orodha ya hospitali wanazozitaka, hospitali nazo hupanga orodha ya wahitimu, kisha kompyuta huoanisha. Jumatatu ya wiki ya matokeo, Machi, kila mmoja huambiwa kama amepata nafasi au hakupata. Wapi, hujulikana Ijumaa.

Mama alirudi kutoka kazini akamkuta binti jikoni, simu imelala mezani. Hakupata.

“Tutawaambia nini watu?” mama akauliza.

“Mama, mimi ndiye nimeanguka, na wewe unaangalia watu?”

Mama hakujibu. Alivua koti, akabandika uji, akamimina vikombe viwili, akaketi. Ndipo akauliza alichopaswa kuuliza tangu mwanzo: “Sasa tunafanya nini, mwanangu?”

Binti akamweleza. Wiki hiyohiyo hospitali hutangaza nafasi zilizobaki. Za mifupa huwa karibu zimejaa zote. Za upasuaji wa jumla za mwaka mmoja tu hubaki, lakini hazina ahadi ya mwaka wa pili. Au angeomba nafasi ya udaktari wa familia, yenye uhakika, akaiacha ndoto ya upasuaji.

“Moyo wako unasemaje?”

“Upasuaji, mama. Hata kama ni mwaka mmoja.”

“Basi omba hiyo.”

Alhamisi hospitali moja ikampa nafasi hiyo, akaikubali. Ijumaa wenzake walifungua bahasha kwa vigelegele. Mama alivaa dera lake jipya akaenda kusimama naye. Usiku akampigia kaka yake bila kupamba: “Hajapata alichotaka. Amepata mwaka mmoja wa upasuaji. Ataomba tena. Na hili usilipeleke kwenye kundi mpaka yeye mwenyewe aseme.”

Mzazi mwenye mtoto kwenye njia ndefu kama hii ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuijua njia kabla ya kuitangaza: mitihani mingapi, nafasi ngapi, na mkiambiwa hapana mtaelekea wapi. Mpango wa pili uzungumzwe mezani mapema, kabla ya machozi. Ya pili ni kukumbuka kwamba mtoto aliyekosa ameshajilaumu vya kutosha.

Siku hizi Jumapili mama hupiga simu na hagusii kama wamejibu. Huuliza kama amekula na amelala, kisha husubiri. Ya hospitali, binti huyasema mwenyewe.