Lesotho: Milima ambako bangi ni halali kwa mwenye leseni

UKISIKIA mtu akijigamba kwamba ana leseni ya kulima bangi, bila shaka utadhani anakutania. Hapa Kenya mmea huo ni haramu chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na anayenaswa nao hujikuta korokoroni kabla ya jua kutua.

Hata hivyo, wakati wa kampeni za uchaguzi wa 2022, Profesa George Wajackoyah alizunguka nchini akiahidi kwamba bangi ikiuzwa ng'ambo ingelipa deni la taifa. Vijana walimshangilia sana, ingawa kura alizopata hazikufika hata asilimia moja.

Tangu siku hizo swali moja lilikuwa likinikereketa. Je, kule ambako serikali hutoa leseni hiyo, ni nani hasa huipata? Ndipo nilipofunga safari kwenda Lesotho, nchi iliyokuwa ya kwanza barani Afrika kutoa leseni ya bangi ya dawa, mwaka 2017.

Lesotho ni nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, mithili ya kisiwa katikati ya nchi kavu. Ndiyo nchi ya pekee duniani ambayo yote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake si ya mchezo. Wenyeji, wazee kwa vijana, hujifunika mabegani mablanketi mazito ya sufu yenye rangi za kupendeza, kama sisi tuvaavyo makoti.

Salamu yao ni "khotso", yaani amani. Mwanamume mzima huitwa "ntate", baba, naye mwanamke huitwa "'m'e", mama. Kwa mtu aliyelelewa kuheshimu wakubwa, hapo ni kama nyumbani tu.

Kutoka mji mkuu wa Maseru nilikodi teksi na kushika njia ya mashariki iendayo Thaba-Tseka. Barabara ni ya lami, lakini hupinda na kupanda hadi masikio yakaziba. Kuna mpito mmoja wa mlimani uitwao Molimo Nthuse, maana yake "Mungu Nisaidie". Nilipochungulia bonde lililokuwa chini yetu, niliona kwamba jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Baada ya hapo njia hupanda tena hadi zaidi ya mita 2,600. Wachungaji waliojitanda mablanketi walitupita wakiwa juu ya farasi.

"Ntate, bangi hulimwa wapi hasa?" nikamuuliza dereva, mwanamume wa makamo.

Alicheka. "Afadhali uniulize ni wapi isikolimwa."

Kwa Kisotho bangi huitwa matekoane. Watu wa milima hii wameilima kwa vizazi vingi, mara nyingi ikiwa imefichwa katikati ya mahindi. Si ajabu, kwani ardhi ifaayo kulimwa nchini humo ni takriban sehemu moja tu kwa kumi. Kwa miaka mingi wanaume walikwenda kuchimba dhahabu katika migodi ya Afrika Kusini. Kazi hizo zilipopungua sana kuanzia miaka ya 1990, familia nyingi zilibaki hazina mbele wala nyuma. Matekoane ikawa ndiyo karo, ndiyo unga, ndiyo sare ya shule.

Dereva wangu ni mmoja wa watoto hao. Aliniambia kwamba marehemu mama yake alimsomesha kwa mmea huo, akiupalilia kwa hofu na kuuza magunia kwa wanunuzi waliokuja usiku. Habari za leseni zilipotangazwa redioni, mama huyo alifurahi mno.

"Alidhani sasa atalima mchana," alisema dereva.

Tulipita karibu na bwawa kubwa la Mohale, tukateremka hadi Marakabei. Huko, kwenye bonde lenye hewa safi na maji ya mlimani, ndiko kampuni ya MG Health ilikojenga mashamba yake yaliyofunikwa kwa plastiki, kama yale ya maua kule Naivasha. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufuzu kuuza bangi ya dawa katika soko la Muungano wa Ulaya. Nilitazama kutoka barabarani tu, kwani mahali kama hapo mpita njia haingii.

Na hapo ndipo nilipoelewa maana ya leseni. Anayeiomba haulizwi kama anajua kupanda. Maombi hupelekwa Wizara ya Afya, wala si kwa afisa wa kilimo, kwa sababu kisheria zao hilo ni dawa ya kulevya iliyoruhusiwa kwa masharti. Mwombaji hudaiwa ua, walinzi na kumbukumbu za kila kinachovunwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 pia hudai kibali cha nchi inayouza na kibali cha nchi inayonunua kwa kila shehena. Anayelenga Ulaya lazima pia atimize kanuni za viwanda vya dawa, ambapo kila hatua hupimwa na kuandikwa.

Halafu kuna ada. Kwa leseni ya Lesotho ilitajwa takriban nusu milioni ya maloti, nayo loti moja ni sawa na randi moja ya Afrika Kusini. Zimbabwe, iliyofuata mwaka 2018, ilitangaza dola 50,000 za Marekani kwa leseni ya miaka mitano. Mama wa kijijini atazitoa wapi?

Waliozitoa wengi wao walikuwa makampuni yenye wafadhili wa kigeni. Hata wao hawakufaulu wote. Canopy Growth ya Canada, iliyonunua kampuni ya Lesotho mwaka 2018, ilitangaza mwaka 2020 kwamba inajiondoa. Basi anayewaza kwamba leseni ni mgodi wa dhahabu na afikiri mara mbili.

Mgala muue na haki yake mpe. Dawa zenyewe zina manufaa. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji itokanayo na mmea huu, kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali. Dawa hiyo haivutwi kama sigara, wala haimlevyi mtoto. Mzazi aliyekesha na mtoto anayeanguka kifafa hatauliza mmea ulitoka wapi. Lakini kijana asijidanganye kwamba msokoto anaouvuta kichochoroni ni tiba kwa kuwa tu wazungu wananunua bangi ya dawa.

Tukirudi Maseru, nilimuuliza dereva mama yake alifanya nini alipopata habari za ada hiyo.

"Alizima redio," akajibu. "Kisha akaenda kupalilia."

Aliendelea kulima kwa kujificha hadi alipofariki, ilhali nyuma ya ua kule bondeni mmea ule ule ulikuwa ukilindwa na askari. Sheria ilikuwa imefunguliwa mlango, lakini mlango wenyewe ulikuwa mwembamba, usioweza kumpitisha mtu na jembe lake.

Huenda siku moja mjadala huu ukafika katika Bunge letu. Wengi tutabishana kama bangi ni nzuri au mbaya, na ni haki yetu kubishana. Lakini tusisahau kuuliza swali lile lililonipeleka Lesotho: leseni itagharimu pesa ngapi, na ni nani atakayeweza kuilipia? La sivyo, wanaosema kwamba mkulima mdogo atatajirika watakuwa wanampigia ngoma ambayo hatakaribishwa kuicheza.