Nilivyoacha Kuyapima Magari kwa Kilo

Kanisani kwetu Kalamba, ushuhuda huanzia kwenye pombe au ugonjwa. Wangu unaanzia kwenye mtungi wa gesi. Kwa miaka mingi nilikuwa mkataji wa vyuma kuukuu kwa moto wa gesi. Gari likiletwa uani kwangu sikutaka kujua liliwahi kubeba nini. Nilitaka uzito wake. Chesisi hapa, ekseli pale, shaba na aluminiamu pembeni, kisha safari ya Nairobi.

Januari 2022 minara ya umeme ilianguka, nchi ikaingia gizani, lawama zikawaangukia waliokuwa wakiing'oa vyuma. Serikali ikapiga marufuku biashara yetu nchi nzima hadi Mei. Marufuku hiyo ilinikuta na Bedford RL uani, nzima, haijaguswa na moto. Jeshi la Uingereza lilianza kulitumia lori la aina hii miaka ya 1950: kichwa bapa, injini ya petroli ya silinda sita iliyokaa kati ya dereva na mwenzake, magurudumu yote manne yanavuta, na kwenye paa tundu la duara la askari kuchungulia. Watoto wangu walilipenda hilo tundu. Mimi nilizipenda tani.

Jirani yangu ni mjeshi mstaafu, fundi wa magari. Alilizunguka lori, akapiga magoti, akachungulia chini.

"Kijana, hili unalikatia nini, na halijafa?"

"Mzee, halijawaka siku nyingi."

"Hata mimi huchelewa kuamka."

Kesho yake alikuja na spana zake. Sharti la kwanza: gesi isitoke stoo. La pili lilihusu magurudumu. Magari mengi ya zamani ya jeshi la Waingereza yana ringi ya vipande viwili vilivyoshikwa na nati zake zenyewe, mbali na zile zinazofunga gurudumu kwenye habu. Ukizilegeza za ringi tairi likiwa na upepo, kipande kinaruka na kinaweza kumuua aliyeinama mbele yake. Ndiyo maana jeshini nati hizo hupakwa rangi nyekundu. Rangi ya haya yetu ilikuwa imeliwa na kutu zamani, kwa hiyo tulizipaka upya kabla hata ya kugusa injini.

Injini ilikuwa imeshika. Mkataji angeleta nyundo. Mzee alitoa plagi zote sita, akamimina mchanganyiko wa dizeli na oili kwenye kila tundu, akaenda zake. Kila asubuhi alipita, akajaribu kuizungusha kwa mkono, akaondoka bila neno. Mimi nilikuwa nachemka. Siku ilipokubali kusogea, ilisogea kidogo tu, na yeye akafurahi kuliko baadaye ilipowaka. Tangi la petroli tuliliosha kwa kokoto na mnyororo ndani, tukilitikisa watu wawili hadi kutu ikatoka kama uji wa wimbi. Pointi zilisuguliwa. Raba za pampu ya mafuta zilikuwa zimekakamaa, nikazitafuta Kirinyaga Road, Nairobi.

Breki ndizo zilizokula muda. Silinda za magurudumu zilikuwa zimeganda, na mzee hakuruhusu tone la oili ya injini likaribie raba zake, kwani huvimba na breki hukwama. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho gesi haiwezi kukufundisha: kufungua kitu ukijua utakirudisha. Kila nati ilikuwa na kopo lake.

Mke wangu ndiye aliyegundua kwanza kwamba nimebadilika. Mlango wa jikoni ulikwama, kama kawaida ya msimu wa mvua, nami badala ya kuupiga teke nikaenda kuchukua bisibisi. Alicheka hadi akakaa chini.

Lori sasa lina rangi ya buluu, maana ile ya kijeshi ingenipa maswali kila kizuizi cha polisi. Wengi walidhani nitabeba mchanga. Sikutaka, mito yetu imechimbwa vya kutosha, na tangu 2015 kaunti yetu ya Makueni ina sheria yake ya kuulinda mchanga. Nabeba maembe ya wakulima hadi kiwanda cha matunda hapa Kalamba, hasa kutoka mashamba ambako malori madogo ya Canter huzama njiani. Uani bado yamo mabaki ya magari, ila siku hizi watu huja kununua gia au springi, na wapo wanaoniletea Land Rover kuukuu nizifufue.

Ugomvi uliopo ni wa mafuta. Mwanangu anataka tutie injini ya dizeli ya Isuzu, kwani hii inakunywa petroli kupita faida. Mzee hataki kusikia. Mimi namwelewa kijana, kwa sababu petroli nainunua mimi, si mzee. Nimewaambia msimu wa maembe ukiisha tutapiga hesabu. Injini ya zamani ikitolewa, itapakwa grisi na kuwekwa stoo.