Kanda ya Bibi

Ijumaa moja mwezi uliopita, baada ya chakula cha mchana, binti yetu aliweka karatasi juu ya busati, baina ya sinia la matunda na birika la kahawa. Nyumba yetu iko Wadi Kabir, hapa Maskati, upande wa milimani. Ukifungua dirisha la jikoni unaona jabali, ukifungua la ukumbini unaona gereji. Karatasi ile ilikuwa barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili Uingereza, mwaka mmoja, kuanzia Septemba. Tulifurahi, na kigelegele kikapigwa. Kisha akatwambia lililobaki. Mtoto wake, mwenye miaka 2 na miezi 3, haruhusiwi kwenda naye. Tangu Januari 2024 Uingereza haimpi mwanafunzi wa uzamili wa darasani ruhusa ya kufuatana na mume, mke wala mtoto. Walioachiwa ni wanaofanya utafiti na wenye udhamini wa serikali. Yeye halipiwi na serikali, na mumewe anafanya kazi jangwani, wiki mbili huko na wiki mbili mjini.

"Mama, Baba, nakuombeni mnishikie mtoto," alisema. "Mwaka mmoja tu."

Tulinyamaza mpaka kahawa ikapoa. Nadhani alifikiri tumechoka, na kweli tumechoka, magoti yetu si yale. Lakini hilo silo lililotunyamazisha. Kilichotunyamazisha ni neno lile, mwaka mmoja tu, maana tulilisema sisi wenyewe katika nyumba hii hii mwaka 1997, na aliyekuwa mapajani mwa bibi yake siku ile alikuwa yeye.

Wakati ule mmoja wetu alipelekwa na kazi yake akasome uhandisi wa ujenzi Leeds. Mwengine aliamua naye akasome uhasibu, kwa akiba kidogo na dhahabu za harusi, ambazo ziliuzwa Matrah asubuhi moja bila ya mazungumzo mengi. Mtoto alikuwa na miezi 7. Tuliruhusiwa kwenda naye, hapana sheria iliyotuzuia. Tulihesabu ada, kodi ya nyumba, joto la nyumba na nauli, tukaona pesa hazitoshi. Bibi akasema, "Niachieni huyu, nyinyi mkasome. Nimelea tisa, wa kumi hatanishinda." Kwa desturi yetu hilo si jambo la ajabu. Nusu ya wanaosoma ukurasa huu wamelelewa na bibi zao, na hawakuharibika.

Mwaka ule tulisoma vizuri sana, lazima tuseme kweli. Alama zetu za juu kabisa ni za mwaka ule tuliokuwa wawili peke yetu. Kuzungumza na nyumbani kulikuwa kwa kadi za simu, na mtoto wa mwaka mmoja hajui simu ni nini, hupumua tu kwenye chombo na dakika zinakwisha. Kwa hiyo kabla ya kuondoka tulimnunulia Bibi redio ya kanda, katika Soko la Ijumaa la hapa hapa Wadi Kabir, awe anarikodi na kumpa kila msafiri. Zilitufika kanda nne. Ya nne ndiyo iliyotumaliza. Inasikika mbuzi inakuna nazi, na mtoto anaita, "Mama! Mama!" Na anayeitwa ni Bibi.

Kiangazi cha 1998 tulikuja kumchukua. Uwanja wa ndege wa Seeb alilia kuanzia mlangoni mpaka kwenye ndege, si kilio cha deko, kilio cha mtu anayeibiwa. Alikuja na kanga moja ya Bibi yenye harufu ya udi, na kwa miezi mitatu hakulala bila ya kuishika. Hatukuthubutu kuifua. Sisi alituita "we". Akitaka maji, "we, maji". Ilikuwa mwezi wa kumi usiku, ana homa, ndipo alipomwita mmoja wetu Mama. Yule mwengine alisubiri mpaka Disemba.

Hapo sasa ndipo yalipoanza maisha ya mwanafunzi mwenye mtoto, na wanaoyajua watatuelewa. Tulipanga chumba na jiko katika moja ya zile nyumba za matofali mekundu zilizopeana migongo. Ratiba ilibandikwa kwenye friji. Mmoja akiwa na mhadhara asubuhi, mwengine yuko nyumbani. Saa 7 mchana tulikutana mlangoni mwa chuo tukapokezana kigari cha mtoto, kama wanariadha wanaopokezana kijiti. Mara nyingi hatukusemezana zaidi ya "amekula" au "hajalala". Alfajiri mmoja wetu alikwenda kusafisha ofisi za watu kabla ya wenyewe kuingia. Kusoma kulianza mtoto akishalala, na mtoto huyu, kwa kuwa alikuwa akituchunga tusipotee, alilala anapotaka yeye.

Ramadhani ya 1999 iliangukia Disemba. Kule jua huzama kabla ya saa 10 jioni, basi futari ilitukuta njiani, ndani ya maabara, au kwenye kituo cha basi, tende mfukoni na chupa ya maziwa ya mtoto tunayochangia. Tuliona saumu ile nyepesi kuliko kazi za chuo.

Kazi moja ya chuo hatutaisahau. Ilikuwa ya somo la maji, kukadiria kasi ya maji katika mfereji kwa kanuni ya Manning, mhandisi wa Kiayalandi aliyeitoa mwishoni mwa karne ya 19. Kanuni yenyewe si ngumu. Inataka mteremko, inataka umbo la mfereji, na inataka tarakimu moja ya ukwaru wa njia. Zege laini ni kama 0.013, bonde la mawe ni 0.04 na zaidi, kwa hivyo kwa mteremko na kina kile kile maji kwenye zege hukimbia mara tatu ya yale ya kwenye mawe. Mifano yote ya darasani ilikuwa ya mito inayotiririka mwaka mzima. Sisi akilini tulikuwa na wadi, iliyokauka hata watoto wakachezea mpira ndani yake, kisha siku moja mvua ikanyesha milimani, kwenu hapana hata wingu, na maji yakakufikia mlangoni. Tuliandika kazi ile tukiwaza mtaa wetu. (Juni 2007 kimbunga Gonu kilipopita Maskati tulipanda juu ya sakafu ya paa tukaangalia maji ya hudhurungi yakichukua magari, na mmoja wetu, Mungu amsamehe, alikuwa akikadiria kasi yake.)

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, mwenzake alikuwa na mtihani asubuhi, basi mwandishi wa kazi alimchukua mtoto mpaka chumba cha kompyuta cha chuo. Alimtandikia makoti mawili chini ya meza. Ilipofika saa 9 usiku kazi ilikuwa imekwisha, imo ndani ya disketi, na mtu akaenda kutia maji chupa. Aliporudi mtoto ameamka, na disketi imo mdomoni. Ilifutwa ikapulizwa, lakini haikufunguka tena. Kazi iliandikwa upya kuanzia saa 9 mpaka saa 4 asubuhi, ikapelekwa imechelewa, na asilimia 10 ya alama ikakatwa. Mwalimu aliuliza sababu. Tuliona haya kusema. Mzee yule alitazama kigari, akatazama macho yetu, akasema yeye alama hana ruhusa ya kuzirudisha, ila anayo meza tupu ofisini kwake, na mtoto anaweza kulala pale saa za mihadhara ya Jumanne. Akalala pale Jumanne zote mpaka mwisho wa mwaka.

Alama zetu zilishuka. Tulimaliza mwaka 2000, kwa daraja la chini ya lile tuliloanzia. Tulirudi na vyeti viwili na mtoto anayesema Kiingereza cha Yorkshire. Bibi alifariki mwaka 2011. Kanda ya nne tuliificha juu ya kabati, ndani ya bati la halua, na hatukumwambia mtoto habari zake. Tulisema angali mdogo, kisha tukasema ana mitihani, kisha tukasema ya nini tena.

Baada ya Ijumaa ile hatukulala vizuri. Tulibishana, mmoja akisema tumwambie asiende, mwengine akisema sisi nani wa kumzuia tuliokwenda. Mwisho tukaona tusimwambie lolote, tumsikilizishe. Redio ya kanda sasa hapana nyumbani. Fundi mmoja Ruwi alitupatia kuukuu, kwa riali 6, akashangaa tunaitakia nini.

Alisikiliza akiwa amekaa chini, mwanawe amemlalia. Mbuzi ikakuna nazi. "Mama! Mama!" Sisi tulitazama ukutani. Kanda ilipokwisha akairudisha nyuma, akasikiliza tena, halafu mara ya tatu. Tulianza kumwomba radhi, akatunyamazisha kwa mkono.

"Mnamsikia Bibi?" alisema. "Kila nikimwita anajibu. 'Mie bibi. Mama yuko Ulaya, anasoma, anakuja.' Kila mara. Mara sita nimehesabu."

Miaka 27 kanda ile iko kichwani mwetu, na wallahi maneno yale hatukuwahi kuyasikia. Tulisikia neno moja tu.

Hakuahidi kitu siku ile. Jibu lake lilikuja baada ya siku tatu, kwa simu, akiwa kazini. Atakwenda, ila ana masharti. Mtoto asifundishwe kutuita sisi Mama na Baba hata kwa mzaha. Kila jioni aonyeshwe uso wake kwenye simu, hata akikataa kutazama. Na Disemba atarudi kwa likizo, nauli atajua mwenyewe.

Jana tumepima chumba cha kati kuona kama kitanda cha mtoto kitaingia. Kinaingia, ila mlango wa kabati haufunguki wote.