Hodi, Mimi ni Namba 1003

Kila mtu ana jina, na jina ndilo linalomfungulia mlango. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Ukifika kwa watu unapiga hodi, unaulizwa nani, unajitaja, unakaribishwa au unaambiwa rudi kesho. Mimi nilidhani na kompyuta ni hivyo hivyo. Kumbe kwenye mashine hizi jina ni la kuitia tu. Mwenye mali anajulikana kwa namba.

Nimemaliza kidato cha nne, sikuendelea. Kazi yangu ni kupiga chapa katika duka la steshenari hapa Morogoro. Mchana ni barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, kadi za michango ya harusi. Jioni wateja wakiisha, mama mwenye duka ananiruhusu niandike riwaya yangu. Kompyuta ya pale ni kuukuu, nayo inatumia Linux aina ya Ubuntu kwa kuwa haidai leseni ya kununua. Kila mfanyakazi ana akaunti yake, na flashi za kwetu haziruhusiwi, kwa ajili ya siri za wateja. Kwenye akaunti yangu zilikuwamo sura nane. Miaka miwili ya jioni hiyo, ukitoa siku za kukatika umeme.

Siku moja akaja fundi kusafisha mashine. Jina lake tuliache. Aliona akaunti nyingi, akafuta baadhi, yangu ikiwamo. Mama alipomwambia huyu kijana bado yupo, akaiunda upya kwa jina lile lile, akapokea hela yake, akaenda zake. Asubuhi nikaandika jina, nikaandika neno la siri. Mashine ikanikatalia.

Nikampigia simu. "Kaka, samahani, akaunti hainipokei."

Akacheka. "Dogo, vya zamani vimeshakwenda. We andika upya tu, si viko kichwani?"

Jamani! Anayesema hivyo hajawahi kuandika ukurasa mmoja. Kichwani mna hadithi, lakini sentensi hazimo. Sentensi uliyoihangaikia usiku kucha ukaipata, ikipotea imepotea, utakayoandika kesho ni nyingine.

Mama aliniona nilivyonyong'onyea. Akafungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne: neno la siri la akaunti ya msimamizi. "Shika mwanangu. Ila ujue humo mna madeni yangu na barua za watu."

"Nimekuelewa, mama."

Haikuwa karatasi ndogo ile. Akaunti ya msimamizi inaweza kutoa amri kwa mamlaka ya namba 0, mtumiaji mkuu, ambaye hakuna faili linalomzuia. Nilikuwa nimeshika siri za nusu ya mtaa.

Nikaanza na jambo la kwanza: je, jina langu lipo? Kuna faili liitwalo passwd, ndani ya folda ya etc. Kila mtumiaji ana mstari wake wenye sehemu 7, zimetengwa kwa nukta mbili: jina, alama ya x, namba yake, namba ya kundi lake, maelezo, folda yake ya nyumbani, na programu ya kufunguliwa akiingia. Jina langu lilikuwapo. Programu ya mwisho nayo ilikuwa sawa. Ingekuwa nologin, ningerudishwa hata kama neno la siri ni sahihi.

La pili: je, mlango una komeo? Neno la siri halikai kwenye passwd. Linakaa kwenye faili jingine, shadow, ambalo si kila mtu anaruhusiwa kulisoma, na hata humo limesagwa lisitambulike. Ukitaja neno lako, mashine inalisaga vile vile na kulinganisha unga kwa unga. Kwenye mstari wangu hapakuwa na unga wowote, palikuwa na alama ya mshangao peke yake. Hilo ndilo komeo. Amri ya useradd humwandikisha mtu lakini haimpi neno la siri, mpaka mtu atoe amri ya pili, passwd. Fundi alitoa ya kwanza akaishia hapo.

Na usidhani kusaga huko ni mbwembwe. Unix, ambayo Linux imefuata nyayo zake, ilianzishwa mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Mwaka 1979 Thompson na Robert Morris walichapisha maelezo ya maneno ya siri 3,289 waliyoyakusanya kwa watumiaji, na 15 kati yake yalikuwa ya herufi moja tu! Neno la Thompson mwenyewe lilikuja kuvunjwa mwaka 2019. Lilikuwa p/q2-q4!, mwendo wa kufungulia mchezo wa sataranji.

Basi nikajiwekea neno la siri jipya. Ukiliandika kwenye skrini nyeusi huoni kitu, hata nyota. Kibodi haijafa, ndivyo ilivyo. Nikarudi mlangoni, nikajitaja. Dirisha likafunguka, likafumba, nikajikuta nje tena. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu jasho likanitoka.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, maana wanaona ni ugonjwa ule ule. Siyo. Mwanzo mlango ulikataa. Sasa umekubali, ila ndani sina pa kuketi. Ukiingia, mashine huandika vifaili vyake vidogo kwenye folda yako ya nyumbani. Ikishindwa kuandika, inakutoa. Na hushindwa kwa sababu diski imejaa, au folda si mali yako.

Diski ilikuwa na nafasi. Nikaorodhesha folda za wafanyakazi pamoja na majina ya wenyewe. Folda yangu ipo! Kumbe amri ya userdel bila kuongezewa herufi ya r humfuta mtu ikaiacha nyumba yake. Lakini pale panapokaa jina la mwenyewe paliandikwa 1003. Nikatazama namba yangu mpya: 1006. Watumiaji wa kawaida huanzia 1000, na useradd humpa mgeni namba inayozidi zote zilizopo. Kwa mashine, mwenye sura zile nane alikuwa 1003, na 1003 ameshafutwa. Huyu 1006 ni mtu baki mwenye jina la kufanana. Ilikuwa inazilinda sura zangu nisizishike mimi.

Dawa ikawa amri moja, chown yenye herufi kubwa ya R, inayobadilisha mwenye mali kuanzia folda hadi faili la mwisho. Nikaipiga. Nikatoka, nikapiga hodi. Nikaingia, na safari hii nikakaa. Sura ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane, na lile kosa la tahajia ukurasa wa 41 ambalo sikuwahi kufurahi kuliona kama siku ile.

"Vipo?" mama akauliza.

"Vyote, mama."

Nikamrudishia karatasi, nikamwomba abadilishe lile neno la siri, maana tulikuwa tunalijua watu watatu. Akaketi mwenyewe kuandika jipya, kwa kidole kimoja, mimi nimegeukia ukutani.

Wenzangu mnaoandika kwenye mashine za watu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jueni namba yenu. Ukikataliwa, usikubali kuambiwa anza upya mpaka uulize kwa zamu: jina lipo? Lina komeo? Programu ya kuingilia ni ipi? Nyumba ni ya nani? Kwenye Ubuntu mna na faili la auth.log, linaloandika kila aliyepiga hodi na alichojibiwa. Lisomeni. Halihitaji cheti.

Fundi sijamlaumu kwa mama. Ila Jumamosi hii anakuja tena kuweka printa, na nimeomba nikae kando yake.