Barua kwa Mjomba kutoka Nchi ya Alizeti

Buenos Aires, Januari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini hapo Itigi mvua zinaendelea vizuri na nyuki hawajahama. Huku ni majira ya joto, na nimetoka mashambani ambako alizeti imechanua mpaka upeo wa macho. Najua ungeulizia mizinga kabla hujashuka garini. Ipo, masanduku yaliyopangwa chini kando ya shamba, si magogo ya kutundika mitini kama yako.

Sasa sikia. Mkulima huleta mizinga shambani, lakini nyuki hawana deni naye. Wakipenda wanairuka alizeti na kwenda zao kwenye maua ya porini. Hilo wewe unalijua tangu ujana wako. Kwa sababu hiyo mtafiti Walter Farina na wenzake wa Chuo Kikuu cha Buenos Aires walitengeneza mchanganyiko mwepesi wa harufu ambao nyuki huuchukulia kama ua la alizeti. Wakautia kwenye maji ya sukari, wakailisha mizinga. Nyuki wa mizinga hiyo wakaishika alizeti, wakazidi kucheza ile ngoma yao ya kuelekezana, na mavuno ya mbegu yakapanda kwa asilimia 29 hadi 57, kutegemea aina ya alizeti iliyopandwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba nyuki anafunzwa akiwa bado ndani, gizani, hajawahi kuliona ua. Huku watu hunywa chai yao iitwayo ‘mate’ kwa kibuyu kimoja kinachozunguka mkono kwa mkono. Ndivyo nyuki wanavyopeana chakula mdomo kwa mdomo, na harufu inasafiri humohumo mpaka kwa wadogo. Majaribio yao ya awali yalionyesha kwamba umri una uzito wake: waliokutana na harufu wakiwa na siku 5 hadi 8 ndio walioikumbuka vizuri zaidi walipopimwa wakiwa na siku 17, karibu na umri wa kuanza kutoka kutafuta chakula.

Na wanampimaje? Nyuki anatiwa kwenye kijibomba chembamba, kichwa tu ndicho kinachobaki nje. Ukimgusa papasi kwa tone la maji ya sukari, ulimi unatoka, mwekundu wa kahawia, mwembamba kama uzi. Kisha anapulizwa hewa yenye harufu peke yake, bila sukari. Asiyeijua anatulia. Anayeijua anautoa ulimi palepale, anangoja chakula ambacho hakipo. Nilimwonea huruma, nikamheshimu pia.

Hata nondo wana kumbukumbu za namna hii. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, waliwafunza viwavi wa nondo wa tumbaku kuikwepa harufu fulani. Waliofunzwa wakiwa viwavi wakubwa waliendelea kuikwepa hata walipogeuka nondo wenye mabawa.

Usishangae pia kusikia kwamba kaskazini mwa nchi hii kuna nyuki wenye damu ya kwetu. Mwaka 1956 malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika walipelekwa Brazili, mwaka uliofuata makundi yakatoroka, na uzao wao ukaenea sehemu kubwa ya bara.

Lakini sikushauri uanze kumwaga sukari. Nyuki wako ukiwasumbua wanahama, na mzinga wa gogo hauna mahali pa kulishia. Isitoshe, nyuki anahitaji chavua ya maua mbalimbali. Kumwelekeza kwenye ua moja msimu mzima naona si kumtendea haki. Ninachokuomba ni hiki: alizeti ya majirani ikikaribia kuchanua, kaa nao mpatane mizinga michache isogezwe karibu na mashamba, na wao wasipulize dawa wakati wa maua. Mkikubaliana, niandikie mapema, maana mwenyeji wangu huku yuko tayari kujibu maswali yenu yote.

Msalimie mkaza mjomba na wadogo zangu wote.

Mimi mpwao.