Kopa tano ya Babu

Haya wadau, nimerudi. Najua nimeadimika humu karibu wiki tatu, na wengine mlishaanza kuuliza kama nimemezwa na ziwa. Sijamezwa. Nilikuwa nyumbani Mbinga, halafu nikateremka Mbamba Bay kwa Babu mzaa mama, nikala magege na usipa mpaka suruali zikagoma kufunga. Habari za matokeo msiniulize, hizo tutaongea siku nyingine. Leo nataka kuwasimulia mgao mmoja tu wa karata. Mmoja! Lakini mpaka leo unaninyima usingizi kuliko hata matokeo yenyewe.

Kwa ambao hamjafika kwetu: Mbinga iko juu, milima ya Umatengo, baridi na kahawa. Mbamba Bay iko chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, joto na mchanga. Zamani yote ilikuwa wilaya moja, Nyasa ikajitenga mwaka 2012. Zamani pia kuteremka kule wakati wa masika ilikuwa adhabu, siku hizi lami inafika mpaka ziwani. Jioni jua linazama ng'ambo, upande wa Malawi, na hapo ndipo mkeka unatandikwa chini ya mwembe wa Babu na karata zinatoka.

Babu anasema karata alifundishwa na wakimbizi wa Msumbiji, waliovuka kuja kwetu baada ya vita ya ukombozi kuanza kule mwaka 1964. Wareno mchezo huu wanauita sueca. Watu wa pwani nao wanao wa ukoo huo huo, wahedi wa sitini. Na hata majina ya karata tunayoyatumia wote ni ya Kireno, sema tumeyazoea mpaka tumesahau: kopa, uru, pao, shupaza, turufu, hata neno karata lenyewe.

Tunavyocheza kwa Babu ni hivi. Unatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40. Watu wanne, wawili wawili, kila mtu karata kumi. Mkubwa wa wote ni ree, ana pointi 11. Anafuata seti, yaani saba, pointi 10. Halafu mzungu wa nne (mfalme) pointi 4, mzungu wa tatu (ghulamu) 3, na mzungu wa pili (malkia) 2. Sita kushuka chini hazina kitu. Jumla pointi 120, ukipata 61 umeshinda, unapewa bao moja. Ukipita 90, mabao mawili. Mkila mizunguko yote kumi, yaani adui hajaambulia hata mmoja, mabao manne kwa mpigo, na manne ndiyo mwisho wa mchezo.

Sasa, Babu ana mtoto wa jicho. Kopa na uru anazitofautisha kwa kusogeza karata mpaka puani. Karata za wenzake mkekani hazioni kabisa. Kwa hiyo pale kwake kuna sheria: kila anayetupa karata anaitaja kwa sauti. "Seti ya pao!" "Uru mbili!" Babu anasikiliza tu, na haulizi mara mbili. Karata zote 40 anazo kichwani.

Zamani mwenza wake mkekani alikuwa Bibi. Mjomba aliniambia pembeni kwamba toka tumzike Bibi, Babu hajawahi tena kula zote kumi. Mimi Babu ananiita "mume mwenzangu", utani wa babu na mjukuu, na safari hii akasema: "Mume mwenzangu, kaa hapo alipokuwa anakaa mke wetu." Nikakaa. Mjomba na binamu yangu wakakaa upande wa pili.

Jioni ya mwisho mambo yalikuwa mabaya. Tumefungwa matatu kwa sifuri, giza linaingia. Binamu kagawa, karata yake ya mwisho kaifunua iwe turufu: mzungu wa pili wa kopa. Naanza mimi. Nikazifungua zangu, jamani, nusura nipige kelele.

Kopa: ree, seti, mzungu wa nne, mzungu wa tatu, na sita. Uru: ree na seti. Pao: ree. Shupaza: ree na mbili.

Hebu hesabuni na nyinyi. Turufu tano, uru mbili, ree ya pao, ree ya shupaza. Hiyo ni mizunguko tisa. Kilema ni kimoja tu, ile shupaza mbili. Ikipata pa kujificha, tumekula zote kumi, mabao manne, mchezo umekwisha na Babu kashinda.

Mimi sikuhesabu. Niliona wafalme, nikaanza kupiga.

"Ree ya kopa!" Mjomba akasema, "Kopa mbili." Babu, "Kopa tatu." Binamu akautoa mzungu wake wa pili. Safi. "Seti ya kopa!" Mjomba hana, katupa pao. Babu, "Kopa nne." Binamu naye hana, katupa uru.

Simameni hapo hapo, maana mimi sikusimama. Kopa ziko kumi. Mzunguko wa kwanza zimetoka nne. Wa pili zimetoka mbili, yangu na ya Babu. Mkononi mwangu zimebaki tatu. Jumla tisa. Imebaki moja, kopa tano, na Mjomba na binamu wote wameshakiri hawana. Iko wapi? Kwa Babu! Hakuna pengine inapoweza kuwa. Adui hana turufu hata moja, na mwenzangu ana moja ya kunikatia.

Kilichotakiwa ni kuacha turufu, kutupa ree ya shupaza, halafu ile shupaza mbili. Kama Babu shupaza zimemwishia, anaikata kwa kopa tano. Kama anayo seti ya shupaza, anakula nayo. Milango miwili. Baada ya hapo akirudisha uru au pao, ninazo ree, na zilizobaki zote zangu.

Mimi nikapiga kwa mbwembwe, "Mzungu wa nne wa kopa!"

Babu alikawia kidogo. Halafu akaiweka chini taratibu. "Kopa tano."

Nikaendelea na ushujaa wangu. Turufu zikaisha, uru zikapita, ree ya pao ikapita, ree ya shupaza ikapita, na juu yake Babu akatupa shupaza nne, ambayo ndiyo ilikuwa shupaza yake pekee. Tisa. Nikabaki na shupaza mbili, nikaitaja kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo. Mjomba akacheka, "Seti ya shupaza!" Babu mkononi hana turufu, hana shupaza, hana kitu.

Tukapewa mawili ya kupita 90. Mgao uliofuata wakatumaliza. Mimi nikasema, "Bahati mbaya Babu, shupaza zilikaa vibaya." Babu akasema ndiyo, akaomba asaidiwe kusimama.

Usiku, nimelala nasikiliza mawimbi, ndipo nikahesabu. Kumi toa nne, toa mbili, toa tatu. Hesabu ya darasa la kwanza, na mimi nasomea ualimu wa hisabati! Tena zote zilitajwa kwa sauti, kwa ajili ya mzee asiyeona. Mwenye macho mazima ndiye hakusikia.

Nilipofika kampasi nikaanza kusoma habari za briji, ule mchezo wa Wazungu wa karata 52. Kwanza mnanadi, unaahidi utakula mizunguko mingapi kati ya 13. Ukiahidi 12 ni slemu ndogo, 13 ni slemu kubwa. Huu wa sasa ulipangwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini melini. Kilichonigusa ni hiki: adui akishatupa karata ya kwanza, mwenza wako anazilaza zake zote mezani, wazi, na wewe unazicheza za pande mbili. Wanaojua wanasema hapo usiguse kitu. Hesabu kwanza za uhakika, hesabu vilema, tafuta kila kilema kitafichwa wapi, na kabla ya kumaliza turufu angalia kama mwenzio anaihitaji ya kukatia.

Nikajitetea moyoni, kwamba kwenye briji kopa tano ya Babu ningeiona. Uongo mtupu. Baada ya mzunguko wa pili ilikuwa wazi kama imelazwa mkekani. Karata ya mwenzio hata ikiwa imefichwa, hesabu inaifunua. Mimi nilikuwa nacheza peke yangu, na Babu nimemfanya mtu wa kujaza mkeka.

Jana nimempigia. Salamu, shikamoo, hali ya ziwa, jicho. Halafu nikamwambia, "Babu, ile kopa tano nilikutoa bure. Zilikuwa zote kumi." Akacheka.

"Nilijua toka ulipotaja mzungu wa nne," akasema. "Si kitu. Bibi yako naye alishanimalizia turufu mara nyingi tu." Akanyamaza kidogo. "Ila yeye alikuwa anasema samahani."

Wadau, nilikosa pa kuficha uso, na simu haina hata uso. Nikasema samahani, nimechelewa wiki mbili. Akasema haya, njoo likizo ijayo, na safari hii uje na masikio.

Basi, niishie hapo. Kesho nina testi saa mbili asubuhi na sijafungua daftari. Anayejua karata hosteli yetu ajitokeze, nahitaji mazoezi kabla ya kurudi ziwani. Alamsiki.