Picha ya Baba ya Mwaka 1995

Mimi si mwandishi hodari, lakini mhariri ametuomba sisi wa Kidato cha Nne tuache neno kabla hatujaondoka shuleni. Nami ninalo neno moja, nalo lanielemea moyoni.

Nyumbani kwetu Sengerema, ukutani, iko picha katika fremu ya mbao. Ni picha ya darasa la baba yangu siku walipomaliza masomo ya ualimu katika Chuo cha Butimba, Mwanza, mwaka 1995. Wamo vijana 38, wake kwa waume, wamejipanga safu tatu. Baba yumo safu ya nyuma kabisa, chaonekana kichwa tu. Nilipokuwa mdogo nalidhani picha ile yatabiri: waliokaa mbele ndio watakaokuwa wakubwa, na walio nyuma watabaki nyuma. Na baba amebaki mwalimu wa shule ya msingi hata leo. Huenda kazini kwa baiskeli, na vidole vyake haviishi vumbi la chaki.

Katika likizo ya Juni, mwaka 2025, wenzake wa chuo walikubaliana wakutane Mwanza, kwa kuwa miaka 30 ilikuwa imetimia. Baba akanichukua. Tulipita juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, ambalo lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 ya mwezi ule ule. Tulivuka kwa dakika chache. Baba akayatazama maji, akasema, "Sisi tulikuwa tukingoja pantoni hapa hata jua likatuchoma. Lakini ndipo tulipojuana."

Walifika watu 19. Kabla ya chakula, mmoja wao akaita majina kama yalivyokuwa yakiitwa darasani, na kila aliyekuwapo akaitikia, "Nipo!" Wakacheka kama watoto. Kisha likaitwa jina moja, pasiwe na jibu. Huyo alikuwa kijana wa Bukoba, aliyelala kitanda cha jirani na baba. Alifundisha miezi michache tu, akapanda meli ya MV Bukoba kuja Mwanza kwa mambo ya posa. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa. Mpaka leo baba analo shati lake.

Baada ya hapo kila mmoja akasimama kueleza maisha yake. Aliyekuwa wa kwanza darasani aliendelea na masomo, na sasa afundisha chuo kikuu. Mke wake amefariki, watoto wako ng'ambo, naye alisema kwamba jioni hapendi kurudi nyumbani. Mwingine aliacha chaki akauza sangara, akajenga nyumba mbili. Mwaka 1999, nchi za Ulaya zilipozuia kwa muda samaki wa Ziwa Viktoria, akauza moja ili awalipe wavuvi wake. Mama mmoja, ambaye chuoni hakuthubutu hata kujibu swali, sasa ni mwalimu mkuu. Amelea watoto sita, na watatu kati yao ni yatima wa dada yake. Yeye alikumbusha mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilipokuwa imefutwa, jinsi alivyoingia darasani akakuta watoto zaidi ya mia, wengine wameketi madirishani. Wote wakaitikia, "Kweli, kweli!" Baba naye akaitikia, macho yaking'aa. Sikupata kumwona hivyo.

Tulipokuwa twala, mtu mmoja akaonekana langoni, amesimama, haingii. Minong'ono ikaanza. Nikaelezwa kwamba huyu alifundisha miaka 22, na watu walimsifu, lakini cheti chake cha kidato cha nne hakikuwa chake. Katika uhakiki wa mwaka 2017, orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi ilipotolewa, naye alikuwamo. Aliondolewa kazini bila kiinua mgongo. Miaka mitano baadaye serikali iliamua watu hao warudishiwe michango waliyokatwa katika mishahara, naye akanunua vifaranga vya kuku. Ndiyo kazi yake sasa.

Hakuna aliyeinuka. Ndipo baba yangu, yule wa safu ya nyuma, alipoacha sahani yake, akaenda mpaka langoni, akamshika mkono, akaja naye, akamketisha kitini pake. Akasema, "Jina hili halikuitwa. Liiteni." Likaitwa. Yule mtu akajibu, "Nipo," kwa sauti ndogo, akafunika uso.

Tulipokuwa njiani kurudi nikamwuliza baba kama yule hakukosa. Akanijibu, "Alikosa, mwanangu, na sikumsifu kwa hilo. Mahali pa mtoto mwingine alipachukua yeye. Lakini amelipa. Je, sisi tumlipishe mara ngapi?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa nalikuwa nikifikiri habari zangu. Wenzangu wa bweni, niliwaambia tangu Kidato cha Kwanza kwamba baba yangu ni mkaguzi wa shule. Siku ya wazazi mwaka 2024, yule mzee mwenye viatu vya vumbi niliyezungumza naye langoni, nikawaambia ni mtu wa kijijini kwetu aliyetumwa kuniletea fedha, ndiye baba. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Nalimzuia asiingie, na hakuniuliza sababu. Mimi nami nalimghushia baba cheti, naye hakukihitaji.

Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani, kisha tutatawanyika. Hatujui nani atakuwa mkubwa, nani atazikwa mapema, nani ataona haya kupita langoni. Sitawapa mawaidha, maana sina haki hiyo. Naomba tu kwamba siku majina yetu yatakapoitwa, tusimwache mtu nje.

Nakala moja ya gazeti hili nitampelekea baba. Atasoma mpaka hapa, kwa sababu husoma kila kitu nilichoandika, na kalamu nyekundu mkononi. Baba, shikamoo. Nisamehe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne